"Mbube": nusu ya kundi ni besi

Kwaya za huku kwetu, Mbeya mjini hadi Tukuyu, zikiamua kuimba ule wimbo wa simba aliyelala, mara nyingi hujifunza kutoka "The Lion Sleeps Tonight", rekodi ya The Tokens, Wamarekani, ya 1961. Matokeo yake unaimbwa kama wimbo wa kubembeleza mtoto. Asili yake, "Mbube", ina nguvu zaidi ya hapo.

"Mbube" ulirekodiwa 1939 Johannesburg, kwenye studio ya Gallo. Mwimbaji ni Solomon Linda, Mzulu wa Msinga, Natal, na kundi lake la Original Evening Birds. Ni muziki wa vibarua waliotoka vijijini, wa aina ile waliyoikuta wazee wa Rungwe walipokwenda machimbo ya dhahabu huko kusini. Baadaye Pete Seeger, mwimbaji wa Marekani, aliisikia santuri, akanakili neno "uyimbube" kuwa "Wimoweh", na kundi lake la The Weavers likaupeleka wimbo Marekani. Linda alifariki 1962 akiwa maskini. Warithi wake waliishtaki Disney 2004, kwa kuutumia wimbo huo katika filamu ya The Lion King, wakitegemea sheria ya Uingereza ya 1911 inayorudisha haki kwa familia miaka 25 baada ya mtunzi kufa, na wakafikia mapatano Februari 2006. Kwa hiyo kwenye ratiba ya tamasha msiandike "wimbo wa asili". Andikeni Solomon Linda.

Sasa muundo. Kundi lilikuwa la watu sita: Linda soprano, Gilbert Madondo alto, Boy Sibiya tena (tenor), halafu besi watatu (sauti nzito ya chini), Gideon Mkhize, Samuel Mlangeni na Owen Sikhakhane. Nusu nzima ni besi! Kwaya ya watu 24 ingepaswa kuwa na besi 12, tena 6, alto 5 na soli mmoja (mwimbaji wa peke yake, nafasi ya Linda). Kwaya nyingi hufanya kinyume: soprano wanajaa, besi wanabaki wanne, na wimbo unakosa mgongo.

Besi wanazunguka mipigo minne mikubwa, d, f, d, s (do, fa, do, so za solfa), bila kubadilika mpaka mwisho. Urahisi huo ndio mtego. Wakichoka, kila wanaporudi kutoka s kwenda d wanatua chini kidogo ya d ya kweli, na waimbaji wa tena wanaoshika m (mi) wanawafuata. Mnaanza kwa ufunguo wa F, mnamaliza karibu na E. Fanyeni besi peke yao kwanza, na kila baada ya mizunguko minane mwalimu aguse d kwenye kinanda. Wakikutwa chini, warudie tangu mwanzo, wasirekebishe katikati. Pumzi wapokezane. Wote wakivuta pumzi baada ya s, wimbo unakatika hapo hapo.

Soli ndiye anayeharibu zaidi, kwa sababu anaanza na ile melodia maarufu. Linda hakuanza nayo. Aliimba kwa falseto (sauti nyembamba ya juu ya mwanamume), akiachia miito mirefu juu ya besi, na melodia ile aliibuni papo hapo kuelekea mwisho, kwenye jaribio la tatu la kurekodi. Wamarekani ndio walioichukua wakaifanya wimbo mzima. Mpeni soli miito tu kwa sehemu kubwa ya wimbo, melodia aiguse mara moja karibu na mwisho, na besi wasipunguze sauti kumpisha.