Topolojia ya kikomo kwenye makundi ya Kac–Moody: "karibu" maana yake nini?

Kundi la Lie la kawaida (kundi lenye umbo laini na dimensheni zenye mwisho), mfano SL₂(C), halina utata wa topolojia, yaani wa nini kiko karibu na nini. Kila matriksi ni namba changamano nne zenye ditaminanti 1, na matriksi mbili ziko karibu pale namba zao zinapokaribiana. Kwenye makundi ya Kac–Moody, yanayotokana na aljebra ambazo Victor Kac na Robert Moody walizifikia mwaka 1968 kila mmoja kivyake, dimensheni hazina mwisho, na "karibu" huwa na maana zaidi ya moja.

Chukua mfano mmoja, kundi G la matriksi 2×2 zenye ditaminanti 1, ambazo ndani yake mna polinomia za t zinazoruhusu vipeo hasi pia. t ikizunguka duara, kila matriksi huchora kitanzi ndani ya SL₂(C). Ligawe G kwa matabaka: Gₙ ni matriksi ambazo vipeo vyake havitoki nje ya −n hadi n. Matriksi ya G₁ huandikwa kwa vizigeu 12, ya G₂ kwa 20. Kisha weka sharti: seti ni wazi (yaani, ina kila kilicho karibu vya kutosha na kila nukta yake) ikiwa sehemu yake iliyomo katika kila tabaka ni wazi. Hii ndiyo topolojia ya kikomo, au topolojia ya matabaka.

Tazama matriksi Aₙ yenye 1 na 1 kwenye ulalo, 0 chini, na tⁿ/2ⁿ juu kulia. Ukipima kama vitanzi laini, pamoja na derivativu zote, Aₙ inaikaribia matriksi I (yenye 1 kwenye ulalo na 0 kwingineko) kwa kasi. Katika topolojia ya matabaka haikaribii kitu chochote, kwa sababu mfuatano wenye kikomo ni lazima ukae wote ndani ya tabaka moja. Sasa weka tⁿ/m badala yake: n ikitulia na m ikikua, tunafika I. Kama topolojia hii ingetokana na kipimo cha umbali, tungechagua kwa kila n m kubwa ya kutosha, tupate mfuatano unaofika I huku vipeo vikipanda bila mwisho. Haiwezekani, kwa hiyo hakuna kipimo cha umbali kinachoizaa.

Kuzidisha kunabaki endelevu, lakini si kwa bahati: matabaka yanahesabika na kila moja ni kompakti kimahali, yaani kila nukta ina ujirani ambao kila mfuatano ndani yake una sehemu inayofikia kikomo humo humo. Ukikosa sharti hilo la pili, uthibitisho unavunjika. Eksponenti, njia ya kawaida ya kutoka kwenye aljebra (mielekeo ya kuondoka kwenye I) kwenda kwenye kundi, ndiyo inayoumia. Diag(t, −t) imo katika aljebra ya G, ila eksponenti yake ina eᵗ, ambayo si polinomia, hivyo imeshatoka nje ya kundi.

Faida kubwa iko kwenye jiometri, yaani majengo ya Jacques Tits, maumbo ya nodi na mistari ambayo kundi huyasogeza. Jengo la G ni jozi ya miti pacha: miti miwili ya nodi na mistari, iliyounganishwa na uhusiano wa kukabiliana kati ya mistari ya mmoja na ya mwingine. Mistari yote inayokutana kwenye nodi moja huunda tufe, na ukianza na mstari mmoja uliouchagua, mistari iliyo hatua n kutoka hapo hugawanyika katika nakala mbili za Cⁿ, moja kila upande. Ukichukua nakala moja na kuongeza mistari yote iliyo karibu zaidi, ya pande zote mbili, unapata seti kompakti, ingawa mti mzima sivyo. Na mistari miwili ya miti tofauti ikiwa inakabiliana, kuisogeza kidogo hakuvunji uhusiano huo: seti ya jozi zinazokabiliana ni wazi.