Kusoma digrii ya masoko: yanayosemwa na hali halisi ilivyo

Kila msimu wa kuomba vyuo ukifika maneno ni yaleyale. Mtu akisema anataka kusoma masoko, nusu ya ukoo inauliza "kwani kuuza mpaka usomee?" na nusu nyingine inamwambia nenda tu hiyo ni kozi laini, na wote hao wanamshauri kitu ambacho hawajawahi hata kuangalia mtaala wake. Inaniuma kwa kweli, maana kuna watu wanaikimbia kozi iliyokuwa inawafaa kabisa na wengine wanaingia kwa sababu zisizo zao halafu mwaka wa pili wanaanza kutafuta namna ya kuhama.

"Masoko ni kuuza na kupiga matangazo"

Hii ndo kubwa kuliko zote na nyingine nyingi zinatokea hapa. Tangazo ni kipande tu, tena mara nyingi kinakuja mwishoni mwishoni. Mwaka 1960 profesa mmoja wa Marekani, E. Jerome McCarthy, aliyagawa maamuzi ya masoko mafungu manne ambayo mpaka leo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anakutana nayo: bidhaa yenyewe, bei, mahali inapopatikana, na namna ya kuitangaza. Sasa angalia vizuri, matangazo yapo ndani ya fungu moja tu na hata humo yanabanana na mauzo ya ana kwa ana, promosheni na mahusiano na umma. Mwaka 1981 wasomi wawili wa masoko, Booms na Bitner, wakaongeza mengine matatu kwa ajili ya huduma (watu, mchakato, na vile vitu vinavyoonekana kwa macho) kwa sababu benki au hospitali haikuuzii kitu cha kushika mkononi, unachonunua pale ni jinsi ulivyohudumiwa.

Kwa hiyo mtu wa masoko anatakiwa awepo kabla bidhaa haijatengenezwa, anauliza nani ana shida hii, sasa hivi anaitatua vipi, yuko tayari kulipa ngapi, na akitaka kununua anaenda wapi. Muuzaji anashughulika na mteja aliye mbele yake leo. Wa masoko anashughulika na swali la kwa nini huyo mteja afike hapo kabisa, na kwa nini akirudi nyumbani asijute.

Tena kuna historia nzuri hapa ambayo natamani ifundishwe siku ya kwanza. Mwaka 1931 kijana anaitwa Neil McElroy, alikuwa anafanya kazi kampuni ya Procter & Gamble kwenye matangazo ya sabuni ya Camay, aliwaandikia wakubwa zake memo ya kurasa tatu akipendekeza kila chapa (yaani jina la bidhaa kama hiyo Camay) iwe na watu wake wanaoiangalia yote, mauzo yake eneo kwa eneo, matatizo yake, mipango yake, na sio matangazo peke yake. Wazo likakubaliwa na ndo chimbuko la kazi tunayoiita leo meneja wa chapa. McElroy mwenyewe alikuja kuiongoza kampuni ile na mwaka 1957 akawa Waziri wa Ulinzi wa Marekani. Huwa namkumbuka kila nikisikia mtu anasema masoko haina pa kufika.

"Hamna hesabu huko"

Zipo. Utakutana na takwimu, uhasibu wa msingi, uchumi, na somo la utafiti wa soko ambalo ndani yake kuna kuchagua sampuli, kutunga dodoso, rigresheni (kuangalia kitu kimoja kinavyobadilika kingine kikibadilika) na kupima kama tofauti unayoiona ni ya kweli au ni bahati tu. Sio hesabu za uhandisi, hapana, ila ukija kwa kuzikimbia namba utaumia.

Na hata kazini hazikuachi. Chukua mfano mdogo, unauza kitu kwa 100 na kinakugharimu 70, faida yako 30, unauza vipande 1,000 kwa mwezi kwa hiyo unapata 30,000. Bosi anakuja anasema tupunguze bei asilimia 10 tuvutie wateja, kila mtu kwenye kikao anapiga makofi. Sasa faida yako kwa kipande imekuwa 20, ili urudi kwenye 30,000 ileile lazima uuze vipande 1,500, yaani mauzo yapande kwa nusu nzima ndo ubaki palepale ulipokuwa jana! Mtu wa masoko ndiye anayetakiwa anyanyue mkono aseme hivyo kabla bango halijachapishwa. Halafu kuna hesabu ya kumpata mteja mmoja imegharimu shilingi ngapi na kwa muda wote atakaokaa na nyinyi ataingiza ngapi, hiyo nayo ukishindwa kuielezea bajeti yako ndo ya kwanza kukatwa mambo yakibana.

"Ni ya watu wachangamfu, mkimya hawezi"

Kwa mtazamo wangu hii ndo imewanyima nafasi watu wengi wazuri. Kazi kubwa ya masoko ni kusikiliza na kuuliza swali sahihi, na kuna ushahidi wa nini kinatokea swali likikosewa. Coca-Cola kabla ya kubadilisha ladha ya soda yao walionjesha watu karibu 200,000, na wengi waliipenda ile mpya. Wakaitoa tarehe 23 Aprili 1985. Wateja wakaja juu, simu na barua zikamiminika, na baada ya siku 79 kampuni ikatangaza kuirudisha ya zamani. Namba zao hazikuwa za uongo, ila waliuliza ipi tamu zaidi na hawakupima ipasavyo watu wangejisikiaje wakinyang'anywa ile waliyokua nayo. Mtu mtulivu anayeweza kukaa na mteja saa nzima bila kumkatiza na akasikia kile ambacho hakijatamkwa, huyo ni dhahabu kwenye utafiti. Uchambuzi wa data, upangaji wa bei na uandishi navyo havihitaji mpiga kelele.

"Siku hizi dijitali tu, unajifunza mwenyewe mtandaoni"

Hapa kuna ukweli nusu na sitaki kuukataa. Kuendesha matangazo mtandaoni, kusoma ripoti za tovuti, kutuma barua pepe kwa wateja, vyote unaweza kujifunza bila chuo na kuna wanaofanya vizuri sana bila digrii yoyote. Shida ni kwamba zana zinakufa. Google ilikuwa na mfumo wake wa zamani wa kupima wageni wa tovuti, Universal Analytics, watu wameuzoea miaka na miaka, Julai 2023 ukaacha kupokea data na kila mtu akaanza upya na mwingine. Aliyekariri vitufe alipotea kabisa, aliyeelewa anapima nini na kwa nini alihama bila presha. Hata akili mnemba inayoandika matangazo kwa sekunde bado inahitaji mtu anayejua tangazo linamlenga nani na linaahidi nini, na kama ahadi yenyewe ni kweli.

"Masoko ni kudanganya watu"

Wapo wanaodanganya, ndiyo. Ila ujuzi huohuo ndo unaotumika kuwashawishi watu wafunge mikanda ya gari, waache sigara au walale kwenye vyandarua, na tangu 1971 maprofesa wa masoko Philip Kotler na Gerald Zaltman walipoandika kuhusu masoko ya kijamii limekuwa eneo zima la taaluma. Mashirika ya afya yanaajiri watu hawa.

"Ukimaliza utaishia kutembeza bidhaa kwa komisheni"

Wengine wanaanzia mauzo na sioni aibu yoyote hapo, huko ndo unamjua mteja kwa sura. Lakini njia ni nyingi: utafiti wa soko, umeneja wa chapa au wa bidhaa, kupanga bei, wakala wa matangazo, kusimamia uhusiano na wateja, kununua bidhaa kwa ajili ya maduka makubwa, masoko ya kampuni zinazouziana zenyewe kwa zenyewe (hili wengi hawalifikirii kabisa na lina kazi nyingi), mawasiliano ya taasisi, na bila shaka biashara yako mwenyewe.

Ila kuwa macho, kuna matangazo ya kazi yanaandikwa "afisa masoko" na ndani ni kugonga milango bila mshahara. Kabla hujasaini uliza kuna mshahara wa msingi au komisheni tupu, lengo la mwezi ni lipi na waliokutangulia walilifikia wangapi, gharama za usafiri nani analipa. Ukiona wanakwepa kujibu ondoka, utapata nyingine.

Na kwa upande wa digrii yenyewe, cheti peke yake hakikubebi. Mwajiri atataka kuona umefanya nini, kwa hiyo usisubiri mwaka wa mwisho. Tafuta biashara ndogo yoyote, waombe uwafanyie utafiti wa wateja wao, wahoji watu 20 au 30, andika ulichokuta, pendekeza kitu kimoja kibadilishwe, pima mauzo kabla na baada, halafu yaandike yote kwenye kurasa mbili pamoja na yale yaliyogoma. Fanya tatu za hivyo kabla hujavaa joho, na ukienda kwenye usaili beba hizo kurasa ziwe juu ya CV.