Kufunga turbo kwenye injini isiyozaliwa nayo: yanayosemwa gereji na yaliyo kweli

Mtu anayeendesha Toyota Premio ya lita 1.5 kwenda Kabale, mji wa milimani kusini-magharibi mwa Uganda, akiwa na abiria wanne na mizigo nyuma, huhisi injini ikizidiwa kila barabara inapoanza kupanda, na hisia hiyo haimdanganyi. Kampala iko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, na Kabale inakaribia mita 2,000. Shinikizo la hewa, ambalo pwani ni kilopaskali 101, hushuka hadi karibu 88 Kampala na karibu 80 Kabale, na injini inayojivutia hewa yenyewe hupoteza nguvu kwa takriban kiasi hicho hicho. Kwa hiyo simlaumu mwenye gari anayekwenda soko la vipuri la Kisekka, Kampala, kuulizia turbo ya mtumba, yaani kifaa kinachozungushwa na gesi za ekzosi na kuisukumia injini hewa zaidi. Turbo si kitu kipya wala cha kuogopwa: Alfred Büchi wa Uswisi aliipatia hataza mwaka 1905, na leo viwanda vinaifunga hata kwenye injini ndogo za magari ya familia. Ninalolipinga ni wazo kwamba injini iliyotengenezwa bila turbo imepungukiwa na kifaa hicho kimoja tu, na kwamba ukikiongeza umeifikisha pale injini ya turbo ya kiwandani ilipo.

"Paundi 7 ni kitu gani, hata tairi linajazwa 30"

Huu ndio usemi ninaousikia zaidi kuhusu shinikizo ambalo turbo huongeza, likipimwa kwa paundi kwa inchi ya mraba, na ndio unaoharibu injini nyingi, kwa sababu unalinganisha vitu viwili visivyolingana. Hewa ya tairi imetulia. Hewa ya turbo inaingia kwenye silinda ambayo bado itaibana tena, kwenye injini ya 1NZ-FE ya hiyo Premio kwa uwiano wa 10.5 kwa 1, kisha ichanganyike na petroli na kuwashwa. Paundi 7 ni kilopaskali 48 hivi. Kampala, ukizijumlisha na 88 zilizopo, unapata 136, yaani mara moja na nusu na zaidi ya hewa ambayo injini ilikuwa inaipata, na shinikizo la mwako, ambalo hata kabla ya turbo lilipimwa kwa makumi ya angahewa, hupanda pamoja nayo. Nguvu hiyo yote hutua juu ya pistoni, hupita kwenye konrodi, na kuishia kwenye beringi za krenki, mhimili mkuu wa injini.

Kuna jambo linalotuhusu sisi tunaoishi juu, ambalo mafundi wengi hawalitaji. Geji ya turbo husoma kile kilichozidi hewa ya nje. Pwani, paundi 7 ni kuibana hewa kwa uwiano wa 1.48, Kampala ni 1.55, Kabale ni 1.6. Sindano inasimama mahali pale pale, lakini turbo ya Kabale inazunguka kasi zaidi na kutoa hewa ya moto zaidi. Hewa ya nyuzi 30 ikibanwa kiasi hicho na turbo ya ubora wa kawaida hutoka ikiwa imepita nyuzi 80. Joto hilo ndilo linalonitia wasiwasi kuliko shinikizo lenyewe.

"Injini za Kijapani ni ngumu, zinavumilia"

Baadhi ni ngumu kweli, lakini tuangalie kwa nini. Injini ya Toyota ya 2JZ-GTE, ambayo sifa zake zimefika hadi kwa vijana wasiowahi kuiona, ina uwiano wa mgandamizo, yaani kiasi ambacho silinda huibana hewa, wa 8.5 kwa 1. Ndugu yake isiyo na turbo, 2JZ-GE, ina lita 3 zile zile, lakini uwiano wake ni 10 kwa 1. Kiwanda hakikuchukua GE na kuibandika turbo. Kilibadilisha pistoni, kikaweka vinyunyizio vya oili vinavyopoza pistoni kutoka chini, na kikapanga petroli na cheche kwa hesabu nyingine. Anayesema "ni 2JZ tu" ameondoa herufi zenye maana.

Uwiano huo unahusu kugonga kwa injini. Mwako wa kawaida huanzia kwenye plagi na kuenea hadi kuta za silinda kwa mpangilio. Mchanganyiko ukiwa umebanwa mno na moto mno, ile sehemu ambayo moto haujaifikia hujiwasha yenyewe kwa ghafla, na pigo lake huondoa tabaka jembamba la hewa tulivu linaloikinga pistoni na joto. Kwenye injini ya kawaida iliyopakia mzigo mlimani utasikia mlio kama wa misumari ndani ya kopo, nawe utapunguza mwendo. Penye turbo na ekzosi iliyofunguliwa, mlio huo haufiki masikioni.

Nimewahi kushika pistoni iliyotolewa kwenye gari la shemeji yangu, miezi minne baada ya kufungiwa turbo. Uso wake ulikuwa na vishimo kama vya bati lililopigwa changarawe. Kwenye kauri ya plagi zilinata chembe ndogo zinazong'aa, ambazo ni alumini ya pistoni yenyewe iliyoyeyuka. Ukingo mwembamba ulio kati ya ringi ya kwanza na ya pili ulikuwa umemeguka kipande cha upana wa kidole gumba. Turbo ilikuwa nzima, ukiigusa inazunguka bila kukwaruza, na fundi alisema kwamba kifaa chake hakina kosa. Alisema kweli, lakini injini ilikuwa imekwisha.

"Kompyuta ya gari itajirekebisha"

Hurekebisha kwa kadiri ilivyopewa vipimo. Gari lisilo na turbo likiwa na sensa ya shinikizo la manifoldi, bomba linaloingiza hewa kwenye silinda, sensa hiyo kwa kawaida imetengenezwa kusoma hadi shinikizo la angahewa au kidogo zaidi, kwa sababu halikutarajiwa kupita hapo. Turbo ikizidisha, kompyuta inaendelea kuona kikomo kile kile na kutoa petroli ya kikomo hicho. Petroli huungua kikamilifu kwa sehemu 14.7 za hewa kwa moja ya petroli, lakini injini inayosukumwa na turbo huhitaji petroli zaidi, karibu 12 kwa 1, ili ziada hiyo ipoze mwako. Ikikosekana, au injekta na pampu zikiwa zimefika mwisho wa uwezo wake, mchanganyiko huwa mwepesi, yaani wenye petroli kidogo mno, wakati ule ule silinda inapobeba mzigo mkubwa kuliko wote. Cheche nayo lazima icheleweshwe. Hili ni jambo la kupimwa kwa sensa ya gesi za ekzosi inayosoma kwa upana, gari likiwa limebeba mzigo, wala haliwezi kukisiwa kwa kusikiliza au kunusa moshi.

"Nimeweka intakula, basi"

Intakula, kipoza hewa inayotoka kwenye turbo, ni ya lazima, na nampongeza aliyeiweka. Lakini hufanya kazi kwa upepo, na kwenye foleni ya Jinja Road upepo haupo. Hujipasha moto pamoja na rejeta iliyo nyuma yake. Pia haiongezi petroli wala haipunguzi uwiano wa mgandamizo.

"Dizeli haina shida, dizeli imezoea turbo"

Dizeli haigongi kama petroli, na wenye Land Cruiser za 1HZ hupenda kutumia hoja hii. Lakini 1HZ ilitengenezwa bila turbo, ina chemba ndogo za mwako ndani ya hedi na uwiano unaozidi 22 kwa 1, ilhali 1HD-T ya turbo, inayofanana nayo kwa ukubwa, ina karibu 18.6 na hunyunyiza dizeli moja kwa moja juu ya pistoni. Adui hapa ni joto la ekzosi. Fundi akifungua pampu ili gari "livute", moshi mweusi ukaonekana kwenye mlima, dizeli inayozidi inapandisha joto hilo hadi hedi ipasuke au pistoni iyeyuke. Asiyekuwa na geji ya joto la ekzosi asiiguse pampu.

Zipo pia feni ndogo za umeme zinazouzwa kwa jina la turbo. Kuibana hewa ya injini ya lita 1.5 kwa paundi 7, ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kunahitaji karibu kilowati 5, na altaneta ya gari kama hilo hutoa kilowati 1 na kidogo. Hesabu hiyo inatosha. Supachaja ya mkanda, ambayo hubana hewa kama turbo lakini huzungushwa na injini yenyewe, hufanya kazi kweli, lakini hatari zote nilizozitaja hubaki, na juu yake huila nguvu ya krenki yenyewe.

"Imetembea miezi kadhaa, maana yake imekubali"

Gari la shemeji yangu nalo lilisemwa hivyo hadi wiki ya mwisho. Chuma na alumini huchoka kwa marudio: kila pigo la kugonga huacha ufa usioonekana mahali ufa uliotangulia ulipoishia. Oili nayo hubeba kazi mpya, kwa sababu ndiyo inayolainisha mhimili wa turbo unaozunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na aliyezoea kuchelewesha oili hadi kilomita 10,000 atauona mhimili huo umekwaruzika mapema. Klachi, giaboksi na breki zilichaguliwa kwa nguvu za zamani, na mteremko wa Kabale hauangalii kama injini imeongezwa.

Mwenye gari akiniuliza, humwomba kwanza apime mgandamizo wa silinda zote nne, filta ya hewa, plagi na ubora wa mnyunyizo wa injekta. Premio iliyokwisha kutembea kilomita 200,000 mara nyingi imepoteza nguvu humo, mbali na ile iliyochukuliwa na mwinuko. Akitaka turbo bado, atafute injini iliyotoka nayo kiwandani, pamoja na kompyuta yake, waya zake, giaboksi na rejeta yake, na aiandikishe kwenye hati za gari na kuiarifu bima kabla ya kuondoka gereji.