Je, Wajua? Kwa Nini Pedali ya Breki Huzama Mteremkoni Ilhali Mafuta Yamejaa

Gari linashuka mteremko mrefu. Pedi zilibadilishwa juzi tu, diski hazina mikwaruzo, mafuta ya breki yako kwenye alama ya juu na hakuna tone lililovuja. Dereva amekuwa akikanyaga na kuachia, na kila mara gari limetii. Anakanyaga tena, pedali inakwenda mpaka sakafuni bila ukinzani wowote. Akibahatika kusimama na kungoja nusu saa, pedali inarudi kuwa ngumu. Gereji fundi anafungua magurudumu yote manne, anakagua, hakuti kosa.

Kilichotokea ni kwamba mafuta yalichemka. Yalichemka kwa sababu yalikuwa na maji ndani yake, na maji hayo yaliingia katika mfumo ambao karibu kila mwenye gari anaamini umefungwa kabisa.

Imani yenyewe huenda hivi: mafuta ya breki hayaungui kama petroli, wala hayafanyi kazi ya kulainisha vyuma kama oili ya injini. Yamo ndani ya mabomba, yametulia. Basi kazi ya mwenye gari ni kuchungulia kile kichupa chenye alama za MIN na MAX, na yakipungua, aongeze. Inasikika kuwa na mantiki, lakini ina makosa matatu.

Kosa la kwanza liko kwenye kuongeza. Mafuta yakishuka polepole miezi mingi bila dalili ya kuvuja, kwa kawaida yanachosema ni kwamba pedi zinalika. Kadiri pedi inavyokuwa nyembamba, ndivyo pistoni ya kalipa (kile chuma kinachozibana pedi kwenye diski) inavyosogea nje kuifuata diski, na nafasi inayobaki nyuma yake hujazwa na mafuta kutoka kwenye kichupa. Mafuta hayajapotea, yamehama. Anayejaza kila yanaposhuka anafuta ujumbe aliotumiwa, na huenda anaizima taa ya onyo iliyokuwa karibu kuwaka. Siku fundi akifunga pedi mpya na kuzirudisha pistoni ndani, mafuta yote yaliyoongezwa yanapanda na kumwagika kwenye rangi ya gari. Upande wa pili wa jambo hili ndio wenye hatari zaidi: kichupa kilichojaa hakisemi lolote kuhusu ubora wa kilichomo.

Kosa la pili ni kudhani mafuta hayo huzunguka. Oili ya injini huzunguka, hivyo ukiiona kwenye kijiti umeona sampuli ya injini nzima. Mafuta ya breki hayana safari ya namna hiyo. Chukua pistoni ya kalipa yenye kipenyo cha milimita 54: ikisogea milimita 0.1 kuibana diski, inahitaji takriban robo ya sentimita moja ya ujazo. Kiasi hicho huenda, kisha hurudi. Mafuta yaliyo ndani ya kalipa hubaki humohumo mwaka baada ya mwaka, sentimita chache kutoka kwenye diski inayoweza kufikia nyuzi 400 na zaidi katika mteremko mkali. Ndiyo maana ile huduma ya kunyonya mafuta ya kichupani na kujaza mapya haisaidii sana. Juu panaonekana kama asali mbichi, chini kwenye moto kumebaki yaleyale ya zamani.

Kosa la tatu, na hapa ndipo mambo yanapovutia, ni hilo neno "umefungwa". Mfumo wa breki umefungwa kwa mafuta, haujafungwa kwa mvuke wa maji. Kifuniko cha kichupa lazima kiruhusu hewa kuingia kidogo, la sivyo mafuta yakishuka kungekuwa na ombwe. Na zile hozi za mpira zinazoelekea kwenye magurudumu, ambazo huhimili presha ya mara 100 ya hewa ya kawaida bila kutoa tone, huruhusu molekuli za maji kupenya kwenye kuta zake, moja baada ya nyingine, kutoka nje kwenda ndani. Ni ajabu kidogo: mafuta yanasukumwa kwa nguvu hiyo yote na hayatoki, huku unyevu wa hewani usiosukumwa na yeyote unaingia. Lakini unyevu haujali presha ya mafuta. Unafuata tofauti ya ukavu na umaji kati ya pande mbili za mpira, na ndani ndiko kukavu zaidi.

Kukavu kwa sababu mafuta ya kawaida ya breki ni jamii ya glikoli, kemikali zinazopenda maji kupita kiasi. Hapo mtu atauliza: kwa nini wahandisi wachague kimiminika kinachokunywa maji? Kwa sababu maji yataingia tu. Yakiingia kwenye kimiminika kisichoyapokea, yatajikusanya yenyewe mahali pa chini kabisa, yaani ndani ya kalipa, yachemke kwenye nyuzi 100, yagande kwenye baridi kali, na yatoboe chuma kwa kutu. Glikoli huyasambaza kwenye ujazo wote, hivyo madhara huja polepole na kwa kiasi kinachokadirika. Yapo mafuta ya silikoni yasiyonyonya maji, yaitwayo DOT 5, na Jeshi la Marekani liliyapenda kwa magari yanayokaa ghalani muda mrefu. Lakini hushika vipovu vya hewa kirahisi na hayapatani na mifumo mingi ya ABS (inayozuia magurudumu yasikwame unapofunga breki). Kwa gari la kila siku, kimiminika chenye kiu ndicho chaguo la busara.

Tukija kwenye kuchemka. Mfumo wa breki za mafuta, ambao Mmarekani Malcolm Loughead alipata hataza yake mwaka 1917 na ambao kampuni ya Duesenberg iliuweka kwenye magurudumu yote manne ya gari lake la mwaka 1921, unategemea jambo moja tu: kimiminika hakibanwi. Chukua bomba la sindano lisilo na sindano, lijaze maji, ziba tundu kwa kidole, kisha sukuma. Halisogei. Kidole chako kinahisi nguvu yote ya dole gumba, palepale. Sasa ingiza kipovu cha hewa kinachotosha robo ya bomba. Ukisukuma, kishikio kinaingia, kipovu kinajikunja, na kidole hakihisi karibu chochote mpaka kipovu kibanwe sana. Nguvu yako haijapotea, imetumika kubana hewa. Bomba la breki lina tatizo la ziada: kishikio chake kina mwisho. Masta silinda (pampu inayosukumwa na pedali) yenye kipenyo cha milimita 22 na mwendo wa milimita 30 ina takriban sentimita 11 za ujazo za kusukuma, basi. Kipovu kikila zote hizo, pedali imefika sakafuni na pedi hazijaibana diski.

Kipovu cha mvuke hakihitaji maji mengi. Maji yanapogeuka mvuke kwenye presha ya kawaida, ujazo wake huongezeka takriban mara 1,600. Tone moja dogo, la mililita 0.05, kwa hesabu hiyo latoa mvuke wa mililita 80 hivi, mara saba ya uwezo wa masta silinda tuliyoitaja. Ndani ya breki hesabu haiwi nyoofu hivyo, maana maji yamechanganyika na glikoli na ukikanyaga sehemu ya mvuke hurudi kuwa kimiminika. Hata hivyo, ukubwa wa tofauti unaonyesha kwa nini asilimia chache za maji zinatisha.

Kuna kitu kimoja zaidi ambacho hata madereva wazoefu hawakitarajii. Mafuta hayachemki ukiwa umekanyaga, huchemka ukiachia. Mguu ukiwa kwenye pedali, presha hupanda, na presha hupandisha kiwango cha kuchemka: maji matupu yakiwa chini ya presha ya mara 50 ya hewa huchemka karibu nyuzi 264. Ukiinua mguu presha inashuka ghafla, na kimiminika kilichokuwa kimezuiliwa kinatoa vipovu, vikiyasukuma mafuta kurudi kichupani. Breki uliyoikanyaga sasa hivi ilikuwa nzima. Inayofuata ndiyo haipo. Kusimama nako hakumalizi hatari mara moja, kwa kuwa upepo uliokuwa ukipoza diski umekoma na joto lake linaendelea kuhamia kwenye kalipa kwa dakika kadhaa. Baadaye kila kitu kikipoa, mvuke unarudi kuwa kimiminika, pedali inakuwa ngumu, na ushahidi umetoweka kabla fundi hajashika spana.

Namba zenyewe zimo kwenye kanuni ya usalama ya Marekani namba 116, ndiko zilikotoka herufi DOT (kifupi cha Kiingereza cha Wizara ya Uchukuzi ya Marekani) unazoziona kwenye chupa. DOT 3 ikiwa mpya ni lazima isichemke chini ya nyuzi 205, na ikiwa na maji ya asilimia 3.7, isichemke chini ya 140. DOT 4 ni 230 na 155. DOT 5.1 ni 260 na 180. Tazama pengo hilo: asilimia zisizofika nne zinakula nyuzi 65 mpaka 80. (Ndiyo, 5.1 ni glikoli na 5 ni silikoni, na hazichanganywi kamwe. Aliyepanga namba hizi hakuwafikiria wanunuzi.)

Na mteremko unaleta joto kiasi gani? Gari la kilo 1,500 likisimamishwa kutoka kilomita 100 kwa saa, breki hupokea kilojuli 580 hivi. Gari hilohilo likishuka mita 500 za kimo kwa breki pekee, hupokea megajuli 7 na zaidi, sawa na kusimamishwa mara kumi na mbili au kumi na tatu mfululizo, tena bila kupumzika katikati. Ndiyo sababu hushauriwa kushuka kwa gia ndogo, ili injini ibebe sehemu ya mzigo huo.

Si kila breki inayokataa mteremkoni imechemka. Pedali ikiwa ngumu na juu, lakini gari halipungui mwendo na kuna harufu ya kuungua, hapo pedi zenyewe zimezidiwa na joto. Ikiwa laini tangu asubuhi gari likiwa baridi, kuna hewa iliyobaki baada ya matengenezo. Ikizama taratibu ukiwa umeikanyaga na kusimama, sili (mipira ya kuzibia) za masta silinda zinavuja kwa ndani. Inayozama ikiwa moto na kupona ikipoa ndiyo ya maji. Mweleze fundi hivyo, kwa mpangilio huo. Kumwambia tu "breki mbovu" kutamfanya akague vitu ambavyo ni vizima.

Kuhusu muda wa kubadilisha, watengenezaji wengi huandika miaka miwili, baadhi mitatu. Hiyo ni tahadhari, si kipimo. Hali ya hewa, umri wa hozi na aina ya mpira wake hubadilisha kasi ya unyevu kuingia, na magari mawili ya umri mmoja yanaweza kutofautiana sana. Rangi ni shahidi dhaifu: mafuta meusi yanaweza kuwa yamechafuliwa na mpira tu, na yaliyo safi machoni yanaweza kuwa yameshakunywa maji. Zile kalamu zenye taa hupima jinsi umeme unavyopita, na mafuta ya kampuni tofauti hupitisha umeme tofauti, tena huchovywa kichupani, mbali na kalipa. Kifaa kinachochemsha sampuli na kusoma nyuzi zake kinaaminika zaidi, ila gereji nyingi hazina.

Siku ya kazi yenyewe, mpangilio wa magurudumu hufuata kitabu cha gari, na baadhi ya magari yenye ABS yanahitaji mashine ya kompyuta ili kufungua vali za ndani. Msaidizi anakanyaga, fundi anafungua skrubu ya kutolea hewa, mafuta yanatoka kwa bomba la plastiki mpaka ndani ya chupa, skrubu inafungwa kabla mguu haujainuliwa. Yanaanza meusi, yanakuwa ya kahawia, mwishowe yanaangaza. Kwenye gari lenye umri mkubwa, fundi makini huweka kipande cha ubao chini ya pedali ili isifike sakafuni, kwa sababu sehemu ya mwisho ya masta silinda haijawahi kuguswa na sili, ina kutu, na sili ikipita hapo huchanika. Ni wakati huo pia wa kuangalia kama pini za kalipa zinateleza. Pini iliyokwama huifanya pedi isugue diski safari nzima, na hapo mafuta hata mapya yanaweza kuchemka.

Chupa mpya ifunguliwe siku ileile. Ile nusu iliyobaki kabatini tangu mwaka jana imekuwa ikivuta unyevu kutoka kwenye hewa iliyoachwa ndani yake, hivyo kuitumia ni kurudisha maji uliyolipia yaondolewe. Na yakidondokea kwenye rangi, usifute kwa kitambaa kikavu. Mwagia maji mengi mara moja: glikoli itayafuata.