Hadubini yenye mota: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mwanza ina kazi nyingi ya hadubini. Kichocho kiko kwenye fukwe za ziwa, malaria haijaondoka, na kuna misimu ambapo maji ya Ghuba ya Mwanza hugeuka kijani kwa mwani. Kwa hiyo maabara ikipata fedha za mradi, haupiti muda kabla mtu hajataja hadubini ya utafiti yenye mota, kamera na kompyuta. Ni mashine nzuri sana, nami natamani vijana wetu wengi waishike. Lakini maneno yanayozunguka kuihusu yanaweza kula bajeti yote na kuacha swali la utafiti bila jibu.

“Yenye mota inaona vizuri zaidi”

Hii ndiyo dhana kubwa kuliko zote, na ndiyo ghali kuliko zote. Mota hufanya kazi ya mkono. Husogeza jukwaa lenye slaidi, hupandisha na kushusha lenzi au jukwaa, hubadilisha lenzi na vichujio vya mwanga. Uwezo wa kutenganisha vitu viwili vilivyokaribiana hautoki huko, unatoka kwenye lenzi iliyo karibu na sampuli. Mjerumani Ernst Abbe alilieleza hilo mwaka 1873: chukua urefu wa wimbi la mwanga, ugawe kwa mara mbili ya namba ya upenyo wa lenzi, ile inayoandikwa ubavuni mwake baada ya ukuzaji.

Kwa mwanga wa kijani wa nanomita 550, lenzi iliyoandikwa 10/0.25 inaishia kwenye mikromita 1.1. Ya 40/0.65 inafika nanomita 420 hivi. Ya mafuta, yaani inayogusa tone la mafuta lililowekwa juu ya slaidi, 100/1.4, inakaribia nanomita 200. Weka mota kumi, hesabu haibadiliki. Eric Betzig, Stefan Hell na William Moerner, waliopewa Nobeli ya kemia mwaka 2014 kwa kuvuka mpaka huo, walitumia tabia ya molekuli zinazong'aa zikimulikwa, si mota.

Anza basi na unachokitafuta. Yai la kichocho cha tumbo, Schistosoma mansoni, lina urefu wa mikromita 114 hadi 180 na mwiba ubavuni, kwa hiyo lenzi ya 10 inalionyesha wazi. Bakteria wa kifua kikuu ana urefu wa mikromita chache tu, na huyo ndiye anayedai lenzi ya mafuta. Maabara inayonunua jukwaa la mota kisha ikabana fedha kwenye lenzi imenunua mwendo, haikununua macho.

Faida halisi ya mota ni kurudia. Inarudi mahali pale pale baada ya saa nzima, inapiga mamia ya picha zinazopishana kidogo ili ziunganishwe kuwa moja, inashuka ndani ya sampuli tabaka kwa tabaka kwa hatua ndogo ambazo vidole haviwezi, na inafanya hivyo usiku kucha. Anayefuatilia seli zikigawanyika hawezi kuipata kazi hiyo kwa mkono.

“Megapikseli nyingi, picha bora”

Pikseli ya mikromita 6.5, ambayo ni ya kawaida kwenye kamera za utafiti, chini ya lenzi ya 40/0.65 inafunika nanomita 163 za sampuli. Lenzi yenyewe inatenganisha nanomita 420, na pikseli inatakiwa iwe nusu ya hapo au chini. Tayari imetosha. Ukiigawa pikseli hiyo mara nne zaidi, unapata faili kubwa na kila pikseli inapokea mwanga mchache zaidi, jambo linaloumiza hasa kwenye sampuli zinazong'aa kwa udhaifu.

Halafu kuna uzito wa faili, ambao watu huusahau hadi diski ijae. Picha moja ya pikseli 2,048 kwa 2,048 yenye biti 16 ni megabaiti 8 na zaidi. Kupiga eneo la milimita 15 kwa 15 kwa lenzi ya 20 kunahitaji picha kama 625, yaani gigabaiti 5 hivi. Ongeza rangi tatu, ni karibu 16. Ongeza tabaka kumi za kina, umepita 150, na hiyo ni slaidi moja. Kuzibana kwa JPEG si njia, kwa sababu mbano huo hubadilisha thamani za pikseli ambazo utafiti unataka kuzipima. Bajeti ya diski iandikwe siku ile ile na bajeti ya hadubini.

“Rangi za picha ndizo rangi za sampuli”

Mara nyingi sivyo. Kamera nyingi za kupiga mng'ao, yaani mwanga ambao sampuli yenyewe huutoa ikimulikwa, hazina rangi kabisa: zinapima wingi wa mwanga, na rangi inawekwa na programu kwa uchaguzi wa mtu. Mwani wa ziwa letu hung'aa mwekundu wenyewe, bila kutiwa rangi yoyote, kwa sababu ya klorofili, lakini kwenye skrini unaweza kuuona wa kijani au wa zambarau kwa vile mtafiti alitaka hivyo. Si udanganyifu, mradi maelezo ya picha yaseme.

“Bonyeza tu, itajilenga yenyewe”

Hapa pana mengi kwa sisi tunaoishi na kichocho. Zipo njia mbili za kujilenga, yaani mashine kutafuta yenyewe kina ambacho picha inatoka kali. Moja inapiga picha kadhaa kwa kina tofauti na kuchagua iliyo kali. Nyingine inarusha mwanga usioonekana na kupima unavyorudi kutoka kwenye kioo cha slaidi au kifuniko chake. Hiyo ya pili ni ya haraka, lakini inajua kioo kilipo, haijui yai lilipo.

Sasa chukua slaidi ya Kato-Katz, ile ya kutafuta mayai ya minyoo kwenye choo. Ni kinyesi kilichokandamizwa chini ya selofani iliyoloweshwa gliserini, mahali pengine kinene na pengine chembamba, na mayai yako kwenye kina tofauti. Mashine itapiga tabaka moja safi kabisa na kukosa yai lililo chini yake. Dawa ni kupiga tabaka kadhaa, lakini hapo muda unakimbia: mayai ya minyoo ya safura hufifia ndani ya nusu saa hadi saa moja baada ya slaidi kutengenezwa. Ukipanga slaidi nyingi zisubiri zamu yao, za mwisho zitaonekana hazina safura.

“Mteknolojia wa maabara hatahitajika tena”

Kipimo cha Kato-Katz huchukua miligramu 41.7 za kinyesi, na idadi ya mayai huzidishwa kwa 24 kupata mayai kwa gramu. Yai moja lililokosekana linaweza kumwandika mtoto wa Sengerema kuwa mzima. Uchafu mmoja uliohesabiwa kama yai unamwandika mgonjwa mwenye mayai 24 kwa gramu. Programu ya kuhesabu hujifunza kutoka kwa picha ambazo mtu mzoefu amezitambua kwanza, na inapokutana na kitu isichofundishwa haiachi kukipa jina. Jicho la mteknolojia linahitajika kuifundisha, kuikagua, na kusema slaidi hii imeharibika itengenezwe upya. Kwa maoni yangu, mradi unaopata hadubini ya mota bila kutenga fedha za kumfundisha mteknolojia wake haujawa tayari kuipokea.

“Umeme ukirudi, unaendelea ulipoishia”

Mifumo mingi ikizimika hupoteza hesabu ya mahali jukwaa lilipo, na hudai kurudishwa sifuri kwanza. Na wakati wa kutafuta sifuri jukwaa husogea hadi mwisho wake, kwa hiyo lenzi isogezwe mbali na slaidi kabla. Betri ya akiba inayoshika hadubini na kompyuta pamoja si anasa. Taa za LED nazo zinafaa zaidi kwetu kuliko za zebaki, ambazo hudumu saa mia chache na hazipendi kuzimwa na kuwashwa ovyo.

Kuna adui mwingine wa kimyakimya: kuvu. Unyevu wa kando ya ziwa humwezesha kuota kwenye lenzi, na akishaota hula tabaka lililopakwa juu ya kioo. Chumba kikavu, silika jeli inayobadilishwa, na kufuta mafuta kila siku baada ya kazi vinaiongezea lenzi miaka.

“Ukitaka ya mota, nunua yote”

Si lazima. Nyingi hujengwa kwa vipande, na unaweza kuanza na mota ya kupandisha na kushusha tu, ukaongeza jukwaa baadaye. Mwanafunzi anayehesabu mwani kutoka Capri Point hapa Mwanza anatosheka na hadubini nzuri ya mkono yenye kamera. Anayehitaji picha za sahani ya maabara yenye visima 96, kila kimoja na sampuli yake, kila saa hatosheki. Programu ya µManager ni ya bure na huendesha vifaa vya kampuni nyingi, ila si kila kimoja. Angalia orodha ya vifaa inavyovitambua kabla ya kusaini oda.