Mungu wa Dar simwoni huku

Alikaa kwenye kiti cha plastiki, akaweka funguo za gari mezani, akanyamaza kitambo. Mtumishi wa umma, miaka arobaini na kitu, aliyehamia Dodoma pamoja na ofisi yake. Kisha akasema: "Mchungaji, nisikufiche. Mungu wa Dar simwoni huku."

Nilitaka kucheka, nikajizuia. Ukiipeleka kauli ile darasani kwa wanatheolojia haitafika jioni. Ila kila aliyewahi kuhama anaielewa. Mimi ni kasisi wa Kianglikana, na siku hizi karibu nusu ya kazi yangu ni unasihi. Wanaokuja ni watu waliohamishwa, waliofiwa, waliostaafu, walioolewa mbali na kwao. Wanaomba kama walivyozoea, na wanaona wanaongea na ukuta. (Huyu ndugu ameniruhusu nimtaje, na mambo kadhaa nimeyabadilisha asijulikane.)

Sikumwuliza anaamini nini. Nilimwuliza, "Dar ulikuwa unasali vipi? Siku gani, wapi, na nani?" Akaanza kuhesabu. Jumatano jumuiya, nyumba tatu kutoka kwake. Alhamisi mazoezi ya kwaya, yeye anaimba besi. Jumapili ibada ya kwanza, halafu supu na wazee wenzake chini ya mwembe. Asubuhi za kazi, foleni ya barabarani: saa nzima peke yake garini na nyimbo za dini. Hapo akasita. Huku anafika kazini kwa dakika ishirini. Hata foleni ameipoteza.

Imani yake haikuwa imepotea. Ilikuwa chungu ambacho mafiga yake yamebaki Dar. Ukikishika mkononi kinakuunguza, na ukikiweka chini kinapinduka. Tumefundishwa kwamba imani inakaa moyoni, na ni kweli, ila kwa kadiri nilivyoona, sehemu yake kubwa inakaa kwenye ratiba na kwa watu. Ukihama unaondoka na moyo wako. Ratiba na watu hawapandi lori la mizigo.

Mji wetu unalijua jambo hili kuliko mingi. Uamuzi wa kuleta makao makuu hapa ni wa mwaka 1973, ukakaa miongo kadhaa kama ahadi ya mjomba, mpaka Julai 2016 Rais John Magufuli alipotangaza kwamba serikali inahamia kweli. Mwaka 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji. Madalali wa nyumba wa mitaa ya Ilazo na Kisasa wakanenepa, na makanisani kukaonekana kundi jipya: watu wa benchi la nyuma, nguo safi, wanaoingia wimbo wa kwanza ukiwa umeshaanza na kutoka baraka ikiwa bado hewani. Kwa muda mrefu niliwadhania kuwa na majivuno. Wengi walikuwa wageni tu, hawajui washike wapi.

Na mabadiliko hayana adabu ya kuja moja moja. Mwaka niliohamishwa kutoka parishi ya kijijini, upande wa Mpwapwa, mama yangu alifariki mwezi wa tatu, binti yetu wa kwanza akaenda chuo, na mke wangu akaacha kazi ya ualimu ili tuhame pamoja. Moja moja ningeyamudu. Kwa pamoja, nilifika mahali nikambatiza mtoto kwa jina la kaka yake, mbele ya kanisa zima, mpaka bibi wa mtoto akanivuta kanzu. Nilikuwa nahubiri vizuri tu kipindi hicho, watu walinisifu. Lakini nikirudi nyumbani sikuwa na neno hata moja la kumwambia Mungu.

Kilichonishikilia hakikuwa cha kishujaa. Kitabu chetu cha sala kina desturi ya kale ya kuzigawa Zaburi zote 150 kwa siku 30, asubuhi na jioni. Huchagui, unaangalia tarehe, unasoma. Tarehe 17 asubuhi ni Zaburi ya 86, ya 87 na ya 88. Sasa, Zaburi nyingi za maombolezo hulia kisha mwishoni zikageuka na kusifu. Ya 88 haigeuki. Inaanza na kilio na inaishia gizani. Nilikuwa nimeisoma mara nyingi bila kuiona. Tarehe 17 ile niliisoma kwa sauti, chumba bado kina maboksi, nikajikuta nimesema kweli mbele za Mungu kwa mara ya kwanza baada ya majuma kadhaa, kwa maneno ya mtu mwingine. Ningeachiwa nichague mwenyewe ningechukua ya 23, nayo ingenitia hatia, maana sikujisikia hata kidogo kama kondoo aliyelazwa kwenye majani mabichi.

Kwa hiyo mtu akinijia katikati ya mabadiliko, ushauri wangu wa kwanza unamkatisha tamaa kidogo: usitafute hisia, azima ratiba. Chukua Zaburi ya siku, isome kwa sauti, ifunge kwenye jambo ambalo tayari unalifanya, kama chai ya asubuhi kabla watoto hawajaamka. Dakika tano zinatosha. Na tafadhali, usianze mfungo wa siku arobaini juma lile lile unalohamia nyumba mpya. Nimewaona. Wanaishia na vidonda vya tumbo na ugomvi wa ndoa, halafu wanasema shetani.

Nije kwenye Yeremia, kwa sababu hapa nina neno.

Yeremia 29:11 iko kwenye kalenda, kwenye vitenge vya kwaya, kwenye vioo vya nyuma vya daladala. "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi." Mtu akipata uhamisho, anatumiwa aya hiyo na watu kumi kabla ya saa sita mchana. Naipenda. Ila ni sehemu ya barua, na barua ina mwanzo. Iliandikwa kwa watu waliochukuliwa kutoka Yerusalemu kwenda Babeli, watu waliokuwa wakingoja kurudi kwao kesho au kesho kutwa. Sura ya 28, kabla tu ya barua, kuna nabii Hanania, amesimama hekaluni akitangaza kwamba ndani ya miaka miwili kila kitu kitarudi. Yeremia anawaandikia miaka sabini. Na anawaambia wafanye nini ndani ya miaka hiyo? Jengeni nyumba mkae ndani yake. Pandeni bustani, mle matunda yake. Oeni, ozesheni. Uombeeni mji ule. Haya yote yanatangulia aya ya kumi na moja. Aya ya tumaini inasomwa na watu ambao tayari wana udongo kwenye kucha.

Hanania bado yupo, na ana kipaza sauti kizuri kuliko changu. Anasema: mwezi wa tatu utarudishwa Dar. Mwaka huu ni mwaka wako wa kuinuliwa. Ubaya wake hauishii kwenye kukosea tarehe. Anayemsikiliza hafungui maboksi. Nimetembelea nyumba moja Nzuguni ambako familia ilikuwa na mwaka wa tatu, na pazia za sebuleni bado ni shuka. Baba alikuwa anashuka Dar kila Ijumaa kwa basi na kurudi Jumapili usiku, zaidi ya kilomita 400 kwenda tu. Hakuwa na kanisa huku kwa sababu Jumapili hakuwepo, na hakuwa na kanisa kule kwa sababu Jumatano hakuwepo. Sasa tangu mwaka 2024 kuna treni ya umeme, Dar ni chini ya saa nne, nami naishukuru kama kila mtu. Ila imefanya iwe rahisi zaidi mtu kuishi miaka mitano Dodoma bila kuhamia.

Kuna Zaburi nyingine niliyofundishwa na waumini wangu wenyewe. Tulikuwa kwenye somo la Biblia, mchanganyiko wa wenyeji wa Kigogo na wageni wa mjini, tukisoma ya 126, pale penye "wapandao kwa machozi". Nikauliza: huyu mpandaji analia nini? Wageni wakajibu vizuri, kishule. Analia dhambi zake. Analia ugumu wa maisha. Analia kwa kumtamani Mungu. Bibi mmoja aliyekaa karibu na mlango akatutazama kama anatuonea huruma. "Si anapanda chakula cha watoto?"

Kimya. Halafu akaeleza. Debe la mwisho la uwele liko ndani, mvua bado, watoto wana njaa, na wewe unalibeba kwenda kulimwaga kwenye udongo mkavu, huku mtoto anakutazama. Wagogo wa rika lake walikua wakisikia habari za Mtunya, njaa kuu ya 1917 hadi 1920, baada ya majeshi ya vita ya kwanza ya dunia kuchukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo, kisha mvua ikagoma. Yeye alizipata kwa mama yake. Kwa nchi inayopata mvua msimu mmoja tu, kati ya Desemba na Aprili, na hata hiyo kwa kubahatisha, Zaburi ile haihitaji mwalimu.

Tangu siku hiyo siwaambii tena watu waliochoka kwamba kwenda jumuiya kutawapa nguvu. Mara nyingi hakuwapi, si mwezi wa kwanza. Jioni yao moja ya kupumzika ndiyo debe lao la mwisho. Nawaambia hivyo, na nawaambia wana haki ya kulia njiani.

Kuhusu watu, nitasema la kiofisi, kwa sababu ndilo linalosahaulika. Kabla hujaondoka, chukua barua ya utambulisho kutoka kanisa lako. Wengi wanaiona ni karatasi ya ubatizo wa mtoto na harusi, wanaikumbuka siku ya shida. Lakini barua ile inakulazimisha kugonga mlango wa ofisi ya kanisa jipya, kuketi, kutaja jina lako, na kuulizwa unakaa mtaa gani. Ukishaulizwa hivyo, mzee wa kanisa wa eneo lako atakujua. Akikujua, siku ukiugua kuna mtu atakayeshangaa hukuonekana. Kama uliondoka bila barua, iombe sasa, haijaoza. Na ukifika, jifunze "Mbukwa", au "Mbukwenyi" wakiwa wengi. Mgeni akisalimu kwa Kigogo, hata kwa kuvunja ulimi, mlenda unaletwa mlangoni kabla juma halijaisha.

Sasa Mirembe. Naitaja kwa jina kwa sababu hapa Dodoma ni tusi: "huyo apelekwe Mirembe." Ni hospitali yetu ya taifa ya afya ya akili, iko hapa hapa mjini, na nimewasindikiza waumini kadhaa huko. Huzuni ya kuhama au kufiwa huja kwa mawimbi: mtu analia asubuhi, mchana anacheka na mtoto, jioni analia tena. Sonona ni kitu kingine. Ukiona mtu kwa majuma mawili au zaidi, karibu kila siku, hana furaha na chochote, hali au anakula kupita kiasi, hapati usingizi au halali sawasawa, anajiona mzigo kwa watu, huyo anahitaji daktari pamoja na maombi. Akianza kusema afadhali nisingekuwepo, usingoje hata siku moja, na usimwache peke yake. Nabii Eliya alisema hivyo hivyo chini ya mti wa mretemu, katika 1 Wafalme 19, na malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha akamlisha tena. Maneno yalikuja baadaye, kwenye mlima Horebu, siku arobaini mbele. Vidonge vya daktari mimi naviweka kwenye fungu la mkate ule. Kuna watumishi wenzangu wanaowaambia wagonjwa waache dawa ili waonyeshe imani. Nimezika mmoja wa waliotii. Sitaongeza neno hapo.

Yule ndugu wa funguo za gari alirudi mara nne. Hatukufanya makubwa. Tulitafuta figa moja moja. Zaburi ya siku akawa anaisikiliza kwenye simu zile dakika ishirini za kwenda kazini. Inatosha kwa asubuhi, akaniambia, na dakika zinabaki. Mke wake alifungua maboksi. Kwaya ilichukua muda zaidi, kwa sababu ya kiburi cha besi. Aliingia ya kwetu mwezi wa kumi.

Juzi nilimwuliza kama Mungu wa Dar ameonekana. Akasema hajui, hana muda wa kumtafuta, Jumamosi wana msiba Chang'ombe ya hapa Dodoma na yeye ndiye mwenye zamu ya viti. Halafu akanilalamikia, kwa dakika kumi nzima, kwamba kwaya ya huku inaburuza nyimbo.