Namba moja kwa nani? Dhana potofu kuhusu wasikilizaji wa redio za New York

Vituo viwili vya redio, mji mmoja, mwezi mmoja, na vyote vinatamba kuwa namba moja. New York wameshazoea, hasa kwenye redio za muziki wa Watu Weusi, zile ambazo wenye biashara huziita "urban". Jina hilo husemwa lilibuniwa na Frankie Crocker, mtangazaji na mkuu wa vipindi wa kituo cha WBLS cha New York, katika miaka ya 1970. Msikilizaji akiyasikia majigambo hayo huamua papo hapo kwamba mmoja wao ni mwongo.

Mara nyingi hakuna mwongo. Anayenunua matangazo hanunui mji mzima, ananunua kundi la umri: vijana wa miaka 18 hadi 34, au watu wazima wa 25 hadi 54, basi. Redio za hip-hop Hot 97 na Power 105.1, hii ya pili iliyoingia kwenye hip-hop mwaka 2002, zinamgombania kijana yule yule. WBLS inamtaka mama yake. Mmoja akiongoza kwa vijana na mwingine kwa wazazi, wote wawili wamesema kweli, ila kila mmoja amesema nusu inayomfaa.

"Kituo kikipata asilimia 6, basi asilimia 6 ya mji wanakisikiliza"

Hapana. Asilimia inayotangazwa kwa kawaida ni mgao, yaani sehemu ya watu ambao redio zao zilikuwa zimewashwa wakati huo. Waliolala na walioko kwenye simu hawamo. Tuseme asubuhi watu milioni moja wanasikiliza redio: mgao wa 6 ni watu 60,000. Usiku wa manane wakibaki laki moja, mgao wa 10 ni watu 10,000 tu. Kipindi cha usiku kinaweza kutamba kwa mgao mkubwa huku kikiwa na watu wachache mara sita.

"Wanajua kila redio iliyowashwa"

Hakuna anayejua. Masafa ya FM hayarudishi habari kituoni. Kinachohesabiwa ni sampuli ya watu elfu chache wanaosimama badala ya mamilioni, na hapa ndipo ugomvi mkubwa ulipozaliwa.

Kwa miaka mingi kampuni ya kupima wasikilizaji, Arbitron, iliwapa watu vijidaftari. Unaandika redio uliyosikiliza, tangu Alhamisi hadi Jumatano. Sasa mfikirie mtu huyo Jumatano usiku, kalamu mkononi, daftari tupu tangu Ijumaa. Anakumbuka nini? Anakumbuka redio anayoipenda. Anaandika jina lake, saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nne, siku zote, ingawa Jumatatu alikuwa kwenye teksi na dereva ndiye aliyechagua kituo. Redio yenye mashabiki wa kufa na kuzikana ilinufaika sana na kalamu hiyo, na redio za Watu Weusi zilikuwa na mashabiki wa namna hiyo.

Kisha kikaja kifaa kidogo cha kuvaa kiunoni. Kituo hupachika alama ndani ya sauti yake, sikio la binadamu haliisikii, kifaa kinainasa. Kifaa hakijui mapenzi. Ukiingia kinyozi na redio ya kinyozi inalia, umehesabiwa kuwa msikilizaji wake hata kama unaichukia. Kilianza kutumika rasmi Houston na Philadelphia mwaka 2007, New York mwaka 2008, na redio za Watu Weusi na za Kihispania zikaporomoka.

"Zilishuka kwa sababu ukweli ulijulikana"

Hii ndiyo dhana inayonikera zaidi, kwa kuwa ina ukweli kidogo. Ndiyo, kalamu ilikuwa inawapendelea. Lakini wenye vituo hivyo walilalamika kwamba waliovalishwa vifaa hawakufanana na mji: vijana Weusi na Walatino wachache mno, na nyumba zisizo na simu ya mezani hazikufikiwa ipasavyo. Oktoba 2008 mwanasheria mkuu wa jimbo la New York, Andrew Cuomo, aliishtaki Arbitron. Januari 2009 walipatana, na kampuni ikakubali kurekebisha namna ya kuwapata washiriki. Kipimo kipya si lazima kiwe kipimo cha haki. Arbitron yenyewe ilinunuliwa mwaka 2013 na Nielsen, kampuni nyingine ya upimaji.

"Dakika ni dakika"

Kwa wapimaji, saa ina vipande vinne: saa kamili, na robo, na nusu, kasorobo. Kwa miaka mingi, ukisikiliza dakika tano ndani ya robo moja ulihesabiwa robo nzima. Fungua saa mbili na dakika kumi, zima saa mbili na ishirini: umesikiliza dakika kumi, kituo kimepewa nusu saa. Ndiyo maana matangazo ya biashara hupenda kukaa katikati ya robo, na wimbo mkali hupigwa mpakani ili ukuvushe. Januari 2025 Nielsen iliishusha dakika tano kuwa tatu kwenye miji inayotumia vifaa. Takwimu zikapanda, bila mtangazaji yeyote kuongeza utamu.

"Redio ikifa, ilikuwa haina watu"

Muulize aliyekuwa akisikiliza Kiss FM kwenye 98.7. Ilishindana na WBLS kwa takriban miaka thelathini, zikigawana wasikilizaji wa mji ule ule. Mwishoni mwa Aprili 2012 mwenye nayo, kampuni ya Emmis, aliyekuwa pia na Hot 97, aliyakodisha masafa hayo kwa Disney yarushe ESPN, redio ya michezo. Jina la Kiss likauzwa kwa upande wa WBLS, na baadhi ya sauti zake zikahamia huko. Wasikilizaji walikuwepo. Walichokosa ni wao kuwa na thamani kubwa kuliko kodi ya masafa.